Namna ya kubishana kuhusu "Tuvix" na mkaagana vizuri

Sehemu inayoitwa "Tuvix" ilirushwa Marekani tarehe 6 Mei 1996, katika msimu wa pili wa Star Trek: Voyager, mfululizo wa televisheni wa Kimarekani kuhusu meli ya anga za juu. Karibu miaka 30 imepita na mashabiki hawajapatana. Wapo wanaosema Nahodha Janeway, mkuu wa meli hiyo, aliua mtu mchana kweupe. Wapo wanaosema aliwaokoa watu wake wawili, kama anavyopaswa nahodha yeyote mwenye moyo. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa ajili ya hadithi hii isiyofika saa nzima. Nimeona pia watu wasioijua Star Trek hata kidogo wakiingia sebuleni kwangu jioni na kuondoka usiku mkubwa, bado wanabishana mlangoni huku wanatafuta viatu vyao.

Mimi ni karani wa mahakama hapa Tanga. Kutwa naandika maneno ya watu wanaopingana, na Jumamosi jioni nawakaribisha jamaa na majirani tuangalie hadithi za anga za juu. "Tuvix" nimewaonyesha watu wengi wa kila namna, na nina hakika kwamba wanaogombana juu yake mara nyingi hawabishanii jambo moja. Mmoja anajibu swali la haki, mwenzake anajibu swali la msiba, wa tatu anajibu swali la uandishi wa hadithi, na kila mmoja anashangaa kwa nini wenziwe hawaelewi kitu kilicho wazi namna hii. Ukiyatenganisha maswali hayo mapema, mtapata jioni nzuri sana. Naeleza ninavyofanya.

Angalieni wote, mpaka mwisho

Usimruhusu mtu kubishana kwa kusimuliwa. Sehemu hii ikisimuliwa inakuwa fumbo la hesabu: wawili kwa mmoja. Ukiiangalia, unamwona mtu anaomba asiuawe. Tofauti ni kubwa mno, na aliyesimuliwa tu atawachosha wengine kwa hoja ambazo macho yangemjibu.

Kwa wale watakaofika mara ya kwanza, wape chanzo kwa ufupi. Meli ya Voyager imetupwa upande wa mbali wa galaksi, umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka duniani. Hata ikienda kwa kasi yake yote, safari ya kurudi ni ya miaka 75 hivi. Tuvok ni ofisa wa usalama, Mvulkani (mtu wa sayari ya Vulcan), mtu wa mantiki na maneno machache. Neelix ni mpishi, mwongeaji, mchangamfu, na anamkera Tuvok kila siku ya Mungu. Wanatumwa pamoja sayarini kuchukua sampuli za mimea. Meli hizi zina mtambo unaomvunja mtu kuwa chembechembe na kumuunda upya mahali pengine. Wakati wa kuwarudisha wawili hao, ua walilolibeba linavuruga kazi, na jukwaani anasimama mtu mmoja tu. Ana kumbukumbu za wote wawili na ujuzi wa wote wawili, lakini nafsi ni yake mwenyewe. Anajiita Tuvix.

Ishia hapo. Yanayofuata wayaone wenyewe: jinsi anavyozoeleka, jinsi chakula chake kinavyompita Neelix kwa ladha, jinsi kazi ya Tuvok inavyokwenda bila kasoro mikononi mwake. Kisha Daktari, ambaye ni taswira iliyoundwa na kompyuta ya meli, anapata njia ya kuwatenganisha. Tuvix anasema hapana. Kutenganishwa kwao ni kufa kwake, naye anataka kuishi.

Ukiwa mwenyeji, kaa na rimoti mkononi, uisitishe picha mahali pamoja tu. Tuvix yuko kwenye chumba cha kuongozea meli, anamgeukia huyu, anamgeukia yule, anauliza kama kweli hakuna hata mmoja anayeona kwamba hili ni kosa. Sitisha pale. Waache watu watazame nyuso. Hawa ni watu aliokula nao na kufanya nao kazi, na kila mmoja ametafuta pa kutazama pengine. Tom Wright, aliyemwigiza Tuvix, anauonyesha woga bila kuuficha, na mara baada ya hapo anawaambia wenzake kwamba anawasamehe. Wapo wanaoona woga ule umepita kiasi, kwamba ofisa wa meli asingelia vile. Mimi naona ndio ukweli wa sehemu nzima. Ukiisitisha hapo, utawasikia wenyewe wakianza kupumua kwa nguvu, halafu endelea.

Mwishoni Daktari anakataa kumtoa mtu uhai bila ridhaa yake. Janeway anashika mitambo mwenyewe. Tuvok na Neelix wanarudi, Kes, mpenzi wa Neelix, anamkumbatia Neelix wake, Janeway anatoka nje ya zahanati, anatembea kwenye korido, uso wake unaijaza picha, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Usizime haraka. Na usiwe wa kwanza kuzungumza.

Andika yasiyobishaniwa

Mahakamani, kabla shahidi hajaitwa, pande zote huulizwa mambo gani hazibishanii, na yanaandikwa. Inaokoa muda mwingi. Fanya vivyo hivyo. Mimi nabandika karatasi ya manila ukutani na kuandika kwa kalamu ya wino mzito:

Tuvix ni hai na ana akili timamu. Hakutenda kosa. Hakuomba kuzaliwa. Tuvok na Neelix nao hawakuchagua kilichowapata. Tuvok ana mke na watoto wanaomsubiri nyumbani. Tuvix alisema wazi kwamba hataki. Daktari alikataa. Njia ya kuwatenganisha ilifanya kazi. Tuvix alijitetea kwa nahodha aliyekuwa ndiye mwamuzi, na hakuna mtu asiye na upande aliyeketi kumsikiliza.

Utashangaa ni mabishano mangapi yanakufa hapo hapo. Mtu akianza kusema "lakini yule hakuwa mtu kamili", unamwelekeza ukutani: amekwisha kukubali kwamba ana akili timamu. Kama anataka kufuta, afute mbele ya wote na aseme kwa nini. Huwa hawafuti.

Kumbuka, hoja isiingie kwenye karatasi hiyo. Kuna kijana aliwahi kunisihi niandike "Tuvok na Neelix walikufa" kana kwamba ni jambo lililokwisha. Hilo ndilo hasa linalobishaniwa.

Mdogo aanze

Hili ni muhimu kwetu kuliko wanavyoweza kulijua waliotunga sehemu yenyewe. Kwenye sebule yenye wazee na vijana, mzee akishasema, vijana wanainamisha vichwa na kusema "ni kweli, mzee." Mabishano yamekwisha kabla hayajaanza, na kijana anakwenda kuyamalizia kwa wenzake barazani, ambako mzee hayasikii.

Mjomba wangu alikuwa baharia, amestaafu. Akiketi kwenye kiti chake karibu na dirisha na kusema neno, ni vigumu kwa kijana wa chuo kumpinga. Kwa hiyo nilimwomba kwa heshima, kabla wageni hawajafika: "Mjomba, leo wewe utusubirie, uwe wa mwisho." Alikubali kwa furaha, maana wa mwisho ana heshima yake. Tangu hapo ndio utaratibu wetu. Mwenye umri mdogo anaanza, tunapanda hadi kwa mkubwa, na kila mmoja anasema mambo mawili tu: angefanya nini kama angekuwa Janeway, na ni kitu gani kinachomsumbua katika uamuzi wake mwenyewe. Hilo la pili usilisamehe. Asiyesumbuliwa na chochote ndiye atakayeharibu jioni.

Kama kuna mgeni anayeona mambo haya ya anga si yetu, mpe hili: katika sehemu ya kwanza kabisa ya Star Trek kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kuna kiumbe kinachojigeuza mwanamume na kumwendea Luteni Uhura, ofisa Mwafrika wa meli, akimsemesha Kiswahili. Atavuta kiti.

Tenganisha maswali manne

Baada ya mzunguko wa kwanza utasikia kwamba watu wamejibu maswali tofauti. Yataje kwa sauti, moja moja, na ushughulike na moja kwa wakati wake.

Swali la kwanza: je, Tuvok na Neelix walikufa siku ile ya ajali? Ukisema walikufa, basi Janeway alimuua aliye hai ili afufue wafu, na hilo ni zito. Ukisema hawakufa, walikuwa wamefungiwa ndani ya Tuvix kama watu waliopoteza fahamu, basi alikuwa na wagonjwa wawili na dawa imepatikana. Wengi hawajiulizi swali hili kabisa, ilhali jibu lao limejificha ndani ya kila sentensi wanayoitoa. Waulize waziwazi.

Swali la pili: je, Tuvix ana haki ya kuishi sawa na mwingine? Hapa kuna kipimo ninachokipenda, na Janeway mwenyewe anakigusa ndani ya hadithi: dawa ingepatikana dakika ile ile aliyotokea jukwaani, nahodha asingesita. Sasa wiki zimepita. Ni lini ajali iligeuka kuwa mtu? Waulize wageni: siku ya kwanza ungewatenganisha? Karibu wote watasema ndiyo. Siku ya tatu? Baada ya wiki? Baada ya kuwa na marafiki? Baada ya miaka kumi na watoto? Mahali mtu anaposema "hapo basi", mwulize kilichobadilika. Jirani yangu muuguzi ndiye pekee aliyewahi kunijibu kwamba hata siku ya kwanza asingeweza, mradi yule mtu amefumbua macho na kusema jina lake. Kijana mmoja akamwambia kwamba basi asingekuwa nahodha mzuri. Akajibu, "Sitaki kuwa nahodha. Nataka kuwa muuguzi." Nililiandika jibu hilo pembeni mwa karatasi.

Swali la tatu: hata kama jambo lenyewe linaweza kutetewa, je, lilikuwa la Janeway kuamua? Hapa ndipo zamu ya mjomba inapofika. Yeye anasema chombo kikiwa baharini hakuna wa kumpigia simu. Nahodha ndiye anayejibu kwa kila roho iliyomo, na akiogopa kuamua, wote wanapotea. Janeway anasema kitu cha jamaa hiyo: Tuvok na Neelix hawapo kujisemea, kwa hiyo yeye kama nahodha ni sauti yao. Kila tukiangalia, mjomba anatikisa kichwa kuafiki anapolisikia. Nami kila mara namjibu kwamba sauti ya Tuvix je? Huyu yupo, anaongea, na nahodha huyo huyo ndiye anayeamua. Mahakamani kwetu mtu hawi wakili wa upande mmoja na hakimu kwa wakati mmoja. Mjomba anasema, "Mwanangu, melini hakuna mahakama." Hapo hatujapatana na sidhani kama tutapatana, lakini kila mmoja wetu anamwelewa mwenzake vizuri.

Swali la nne: je, sehemu hii imetengenezwa vizuri? Hili lisichanganywe na yaliyotangulia. Unaweza kuuchukia uamuzi wa Janeway na bado ukasema ni kazi nzuri mno. Unaweza kumtetea na bado ukasema waandishi walikimbia. Mimi nalaumu jambo moja: wiki iliyofuata walikuja na hadithi nyingine kabisa, na Voyager haikurudi kulibeba jambo hili kwa uzito linaostahili. Watu waliotazama pembeni wakati mwenzao anaomba uhai hawakupewa hata kikao kimoja cha kuuliza wamekuwa watu gani. Hata hivyo zile dakika za mwisho kwenye korido, bila muziki wa kufariji na bila mtu kumwambia nahodha kwamba amefanya vyema, nazithamini sana.

Hoja zitakazokuja, na za kuwa nazo mkononi

"Wawili ni wengi kuliko mmoja." Itakuja mapema, na atakayeileta atamtaja Spock, Mvulkani wa Star Trek ya awali, aliyesema katika filamu ya 1982 kwamba mahitaji ya wengi yanazidi ya wachache. Mkumbushe kwamba katika filamu iliyofuata, ya 1984, nahodha wake Kirk na wenzake wanahatarisha kila kitu kwa ajili ya Spock peke yake, na Kirk anamwambia kinyume chake: mahitaji ya mmoja yalizidi ya wengi. Kwa hiyo Star Trek haikupi hukumu hapo, inakupa ugomvi mwingine. Halafu Spock alikuwa anajitoa mwenyewe. Hakumshika mtu mkono akamtoa.

Wanafalsafa nao wamelizunguka jambo hili. Philippa Foot wa Uingereza aliandika mwaka 1967 juu ya dereva wa tramu anayelazimika kuchagua reli yenye watu watano au yenye mmoja. Judith Jarvis Thomson, Mmarekani, akaja na daktari mpasuaji mwenye wagonjwa watano wanaohitaji viungo, na mtu mmoja mzima wa afya ameingia kupimwa tu. Watu wengi wanakubali kugeuza tramu na wanakataa kumpasua yule mzima. Waulize wageni wako: Janeway alikuwa dereva, au alikuwa mpasuaji? Swali hilo peke yake limewahi kutufikisha mpaka chai ya tangawizi ikapoa.

Lakini silaha kubwa kuliko zote iko ndani ya Voyager yenyewe, na mashabiki wengi wameisahau. Msimu wa kwanza kuna sehemu iitwayo "Phage", ya Februari 1995. Wavidiani, watu wanaoliwa na ugonjwa usio na dawa, wanaishi kwa kuiba viungo vya wengine. Wanamwibia Neelix mapafu. Ndiyo, Neelix huyu huyu. Janeway anawafukuza, anawakamata, na anagundua kwamba mapafu tayari yamo kifuani mwa mmoja wao. Akiyarudisha, yule anakufa. Asiporudisha, Neelix anabaki amelala zahanati bila mapafu yake. Na Janeway anasema hana ruhusa ya kumuua mtu ili amwokoe mwingine, kwamba kwa utamaduni wake hilo ni jambo la kuchukiza lisilokubalika. Anawaachilia. Baadaye Wavidiani wenyewe wanasaidia kupandikiza, na Kes anatoa pafu lake moja.

Fikiria vizuri. Yule Mvidiani alikuwa na kiungo cha wizi. Tuvix hakuiba kitu. Janeway alimwachia mwizi uhai, na mwaka uliofuata akamnyima asiye na kosa. Ukiweza, onyesha "Phage" kwanza na "Tuvix" baadaye, jioni ile ile. Ninajua kijana aliyefika akiwa mtetezi mkali wa Janeway, akaketi kimya baada ya hizo mbili, kisha akaja na jibu ambalo ni la haki kulisikia: katika "Phage" mwili ulikuwa wa Mvidiani na mapafu tu ndiyo ya Neelix, ila kwa Tuvix kila kitu ni cha Tuvok na Neelix, hakuna hata nywele moja aliyokuja nayo. Ni jibu zuri. Sikubaliani nalo, kwa sababu sisi sote miili yetu tumeipata kwa watu wawili na hakuna anayetudai. Lakini ni jibu zuri, na mabishano yakianza kutoa majibu ya namna hiyo, mwenyeji akae kimya.

Mheshimu anayelia na Kes

Kes anamwendea Janeway akilia kwamba anamtaka Neelix arudi. Wapo wanaomcheka au kumlaumu kwa ubinafsi. Kwenye sebule yako usiruhusu. Hujui nani amekaa pale na msiba gani. Jirani mwingine, mjane, alisema baada ya kuangalia kwamba yeye angekibonyeza kile kitufe bila kufikiri, mume wake arudi, na asingeuliza nani anakufa. Alisema akimtazama kijana aliyekuwa amemwita Kes mbinafsi. Hakumlaumu. Yule kijana akasema, "Samahani, mama," na alimaanisha.

Huzuni si hoja, na mjane yule mwenyewe hakuileta kama hoja. Lakini hukumu ya Tuvix haiwezi kuzungumzwa kana kwamba Tuvok na Neelix ni majina ya kwenye karatasi. Mwulize kila anayemtetea Tuvix: wewe ungeenda kumwambia nini mke wa Tuvok?

Mbadilishe nahodha

Sauti zikianza kupanda, mara nyingi utasikia Janeway akiitwa maneno ambayo manahodha wengine hawaitwi. Yeye ni mwanamke wa kwanza kuwa nahodha na mhusika mkuu wa mfululizo wa Star Trek, na naamini hilo limeongeza ukali wa baadhi ya watu. Kuna kipimo rahisi. Katika Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, sehemu ya "In the Pale Moonlight" ya Aprili 1998, Nahodha Sisko anashiriki udanganyifu ili kuwaingiza Waromula, taifa jingine la angani, vitani upande wake, seneta wao anauawa, na Sisko anapojua anaamua kwamba ataishi na jambo hilo. Mashabiki wengi wanaihesabu miongoni mwa sehemu bora kabisa na wanamsifu Sisko kwa uzito aliobeba. Muulize anayetukana: neno ulilompa Janeway, umempa Sisko pia? Kama ndiyo, endelea, una msimamo. Kama sivyo, tueleze tofauti.

Mimi nasema wote wawili walikosa. Ila anayewatofautisha na akaieleza tofauti yake, namsikiliza kwa makini.

Kanuni moja ya lugha inatosha: unaweza kumwita mhusika muuaji, huwezi kumwita mgeni mwenzako mtetezi wa wauaji. Atakayevuka, anatumwa jikoni kuleta chai, hata awe mkubwa vipi. Mjomba amekwisha kutumwa, akaenda.

Badilishaneni pande, kisha acheni

Mkiwa bado na nguvu, wapange watetee upande wasioukubali. Anayemtetea Tuvix aseme kwa sauti ya Tuvok, aliyenyimwa watoto wake na mtu anayezitumia kumbukumbu zao. Anayemtetea Janeway aseme kwa sauti ya Daktari. Muuguzi wetu alipoichukua nafasi ya Janeway aliikamata kuliko mjomba: alisema nahodha aliyewapeleka wale wawili sayarini ndiye aliyewapoteza, na hana haki ya kuusifu moyo wake safi huku wao wamepotea. Mjomba alikaa mbele ya kiti kumsikiliza.

Msipige kura. Kura inamwambia aliyeshindwa kwamba amekosea, na hapa wingi hauthibitishi kitu. Mmetoka kubishana usiku kucha kama wawili wanamzidi mmoja, hamwezi kumaliza kwa kuhesabu mikono.

Wakikuuliza mwenyeji una msimamo gani, sema. Mwenyeji anayejificha anakera. Mimi nasema Tuvix alikuwa mtu na alistahili kusikilizwa. Katika "The Measure of a Man" ya 1989, sehemu ya Star Trek: The Next Generation, Data, ambaye ni mashine, aliundiwa mahakama nzima ili iamuliwe kama ni mali au la, na Nahodha Picard akasimama kumtetea. Mwandishi wake, Melinda Snodgrass, aliwahi kuwa mwanasheria, na inaonekana katika kila mstari. Tuvix, mwenye damu na pumzi, hakupata hata robo saa ya namna hiyo. Labda angesikilizwa na bado akahukumiwa. Nisingependa hukumu hiyo, ila ningeiandika na kuipiga muhuri. Hukumu isiyotanguliwa na usikilizaji siwezi kuikubali, hata kama aliyeitoa anaumia.

Jumamosi itakayofuata, usirudie "Tuvix". Onyesha "Similitude" ya Star Trek: Enterprise, ya 2003, ambako nakala ya mhandisi inakuzwa makusudi ili itolewe tishu za ubongo, na nakala hiyo inaamka na kuanza kupenda maisha. Wale waliosema yote yanategemea ajali watakuwa na kazi, kwa maana nakala hiyo haikutokea kwa ajali. Na kama kuna aliyechoka na uzito, Lower Decks, mfululizo wa katuni wa Star Trek, walirudi kwa Tuvix mwaka 2023 katika sehemu ya "Twovix", kwa vichekesho. Iwekeni ya mwisho, baada ya chakula, maana asiyeijua ya 1996 hataelewa wenziwe wanacheka nini.